Wimbi Si Mkondo: Historia ya Maneno Mawili ya Maji, Yakitazamwa kutoka Manga

Katika insha moja niliyosahihisha mwishoni mwa muhula, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliandika kwamba ng'ombe wa babake "alichukuliwa na wimbi la mto Gucha" mvua ilipozidi. Nilipiga mstari chini ya neno wimbi, nikaandika pembeni: mkondo. Siku niliporudisha madaftari, mwandishi wa insha ile alisimama akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, kwani wimbi na mkondo si kitu kimoja? Redioni wanasema wimbi la siasa, na wanasema mkondo wa siasa." Mwenzake aliyeketi nyuma akadakia, "Mimi wimbi ninayoijua ni ya uji." Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika ofisini niligundua kwamba jibu nililokuwa nimelitoa, kwamba wimbi ni la bahari na mkondo ni wa mto, halikuwa kweli. Bahari ina mikondo mikubwa kuliko mto wowote tuujuao, na ziwa lina mawimbi.

Makala haya ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile. Nimelipanua kidogo kwa sababu kosa hili haliishii katika insha za ng'ombe na mito. Limeingia katika uhakiki wa fasihi, na huko linabadilisha historia. Mtahiniwa anayeandika "wimbi" pale palipofaa "mkondo" anatoa dai asilolikusudia kuhusu jambo lilianza lini na litakwisha lini.

Maji yaendayo na maji yapandayo

Tuanze na maji yenyewe. Mkondo ni maji yaendayo. Ukitia kijiti katika mkondo, kijiti kinaondoka, na ukikitafuta baada ya saa moja utakikuta huko chini, mbali. Wimbi ni maji yapandayo na kushuka. Kitupe kijiti hicho hicho baharini, nje kidogo ya pale mawimbi yanapovunjikia. Kitapanda mgongoni mwa wimbi, kitateremka bondeni, na wimbi likishapita utakikuta karibu palepale kilipokuwa. Kinachosafiri katika wimbi ni msukumo uliotokana na upepo. Maji yenyewe huzunguka mahali pake. Ni ufuoni tu, kina kinapopungua, ndipo wimbi huumuka, likavunjika na kurusha maji mbele.

Mabaharia wa pwani yetu waliijua tofauti hii kwa maisha yao. Kando ya pwani ya Tanzania na Kenya upo mkondo mkubwa unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na mkondo hufuatana, na mkondo huongeza kasi. Wakati wa kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, upepo hugeuka na kuyasukuma mawimbi kuelekea kusini-magharibi. Chini ya mawimbi hayo mkondo bado unaelekea kaskazini, hadi unapokutana na mkondo wa Somalia unaoteremka katika miezi hiyo hadi maji ya kaskazini ya pwani ya Kenya. Nahodha aliye kati ya Unguja na Mombasa mwezi wa Januari anayaona mawimbi yakija upande mmoja, ilhali chombo chake kinavutwa upande wa pili. Akisoma mawimbi peke yake atakosea kukisia mahali alipo. Hili tulishike, kwa maana tutalihitaji tutakapofika kwenye fasihi: wimbi na mkondo vinaweza kuwa mahali pamoja, saa moja, na vikaelekea pande tofauti.

Lugha imeitunza tofauti hii katika vitenzi, na hapa ndipo mwalimu anapoweza kumsaidia mwanafunzi kwa haraka. Wimbi huumuka, hupiga, huvunjika, hutulia. Mkondo huenda, hupita, huvuta, huchukua. Chombo hukata mawimbi. Chombo hufuata mkondo au hupingana nao. Ng'ombe wa insha ile alichukuliwa, kwa hiyo aliyemchukua ni mkondo. Kwa upande wa ngeli, wimbi liko katika LI-YA na mkondo katika U-I, na tofauti ya umoja na wingi nayo inatufundisha jambo. Wimbi mara nyingi huja kwa wingi: mawimbi, moja nyuma ya jingine, na hata tusemapo wimbi moja tunajua lina mwanzo na mwisho wake. Mkondo ni mmoja hata ukiutazama siku nzima.

Kamusi nazo hazikuyachanganya. Ile ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan ya mwaka 1903, inaupa mkondo maana ya mwendo wa maji, na inakwenda mbali zaidi: mwendo wa hewa ipitayo mahali, na pia njia aliyoipita mnyama. Maana hii ya mwisho imefifia, lakini ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Mwindaji aliyefuata mkondo wa paa alikuwa akisoma ardhini historia ya safari ya mnyama asiyemwona. Methali isemayo "Maji hufuata mkondo" nayo ina wazo hilo hilo: njia ilikwisha kuchimbwa kabla maji haya hayajafika. Huwezi kuigeuza methali hiyo ukasema maji hufuata wimbi.

Walimu wa sayansi, tukubali, wametushinda katika jambo hili. Katika istilahi zao umeme una mkondo na sauti ina mawimbi, na redio ni ya mawimbi. Hakuna mwalimu wa fizikia atakayekubali wimbi la umeme ndani ya waya wa taa ya mkononi. Sisi wa lugha ndio tuliolegea.

Ipo hali moja inayotia ukungu, na ni haki itajwe. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko la ardhi karibu na Sumatra lilianzisha mawimbi yaliyovuka Bahari ya Hindi nzima na kufika pwani ya Afrika Mashariki saa kadhaa baadaye. Somalia ilipoteza watu wanaokaribia 300; Kenya ilimpoteza mtu mmoja, huko Watamu. Wimbi la namna hiyo ni refu mno hata likifika katika ghuba na bandari huyafanya maji yaingie na kutoka kwa nguvu kama mto. Aliye ndani ya maji hayo haoni wimbi, anaona mkondo. Basi tofauti haikufutika: wimbi lilizalisha mkondo. Na hilo pia huwatokea wanadamu, kama tutakavyoona.

Kiswahili kilichopanda mlima bila bahari

Kwa nini kosa hili ni rahisi kwetu? Ukisimama juu ya ukingo wa Manga siku isiyo na ukungu, utauona mji wa Kisii chini yako, na mbali upande wa magharibi na kaskazini utauona mng'ao wa Ziwa Victoria. Huo ndio ukaribu wetu na mawimbi. Kwa Ekegusii tuna enyancha, yaani ziwa, lakini wengi wetu tumeliona kutoka hapo juu tu, likiwa limetulia kama sahani. Mito, kwa upande mwingine, tunayo. Mvua yetu kwa mwaka huzidi milimita 1,500, na kila bonde lina orooche yake. Gucha yenyewe huanzia katika nyanda za juu za Nyamira, ikapita Kisii, ikapokea mto Migori na kumwaga maji yake ziwani, ambako jirani zetu Waluo huiita Kuja. Mtoto wa Manga anaujua mkondo kwa miguu yake mwenyewe, kwa namna unavyomvuta anapovuka akienda shule. Asilolijua ni jina lake kwa Kiswahili.

Jina lilikuja kwa njia ndefu. Waingereza walifungua kituo chao Getembe, mahali ulipo mji wa Kisii leo, mwaka 1907. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa wao, Northcote, na Abagusii wakaadhibiwa vikali kwa kuchomewa nyumba na kunyang'anywa mifugo. Mwaka 1911 Wakatoliki wa Mill Hill walianza misheni ya Nyabururu, na Waadventista wakafuata upande wa Nyanchwa. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana hapo hapo Kisii. Katika miaka hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, makarani, wapagazi na wenye maduka. Kilikuwa lugha ya amri: njoo, beba, lipa, nyamaza. Askari wa kulinda boma hakuwa na haja ya kumfundisha mtu tofauti ya wimbi na mkondo. Kwa hiyo lugha iliyozaliwa ufuoni ilipanda hadi juu ya mita 1,600 ikiwa imeiacha bahari yake nyuma, na yale maneno ya maji yaliyofika yalikuja kama mizigo isiyo na mwenyewe.

Neno wimbi lilipofika lilimkuta mwenziwe. Nafaka ile ambayo Abagusii huiita obori, na ambayo pwani na Tanzania wengi huiita ulezi, sokoni Kenya huitwa wimbi. Ndiyo nafaka ya ugali wetu wa jadi, obokima, na ya uji wa watoto. Kamusi huyaingiza maneno haya mawili kama vidahizo viwili, na ni sawa, kwa kuwa yamefanana kwa sauti tu. Wimbi la nafaka halina wingi. Hatusemi gunia la mawimbi. Lakini fikiria mtoto wa darasa la sita asikiaye kwa mara ya kwanza kwamba wimbi la mabadiliko limeikumba nchi. Yule aliyenidakia darasani hakuwa mtundu kama nilivyodhani. Alikuwa akisema kweli kuhusu neno alilokua nalo.

Baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na vitabu vya pwani na visiwani vikaingia mabwenini mwetu vikiwa na tanga, dau, bamvua na maji mafu. Tulifundisha maana za maneno hayo katika orodha ya msamiati. Wimbi na mkondo havikuingia orodhani kwa sababu kila mtu alidhani anavijua.

Ushairi: bahari yenye wimbi gani?

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili unapenda maji tangu hapo. Aina za mashairi tunaziita bahari, neno lililotoka katika elimu ya ushairi ya Kiarabu. Basi si ajabu kwamba mgogoro mkubwa wa miaka ya sabini, ule wa mashairi huru, nao umeandikwa kwa lugha ya maji. Mara nyingi husomwa katika majibu ya watahiniwa kwamba "wimbi la mashairi huru lilianzishwa na Kezilahabi."

Habari zenyewe zinafahamika. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, na sheria hizo za vina na mizani zikawa kipimo cha wengi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, akatoa diwani ya Kichomi, na wanamapokeo wakapinga kwamba yale si mashairi. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Wapinzani waliamini kwamba jambo hili ni wimbi, ingawa huenda si wote walitumia neno hilo. Upepo wake, walisema, umetoka Ulaya na vyuoni, litapiga kisha litulie.

Halikutulia. Shairi huru leo linatahiniwa pamoja na la arudhi, na mwanafunzi hulipata katika diwani yoyote aishikayo. Kwa maoni yangu neno wimbi linafaa hapa kwa kitu kimoja tu, nacho ni ule mshindo wa 1974 na miaka michache baadaye, majibizano na hasira. Kilichokuwa chini yake ni mkondo, tena wa zamani. Nyimbo zilizoimbwa Gusii kwa obokano, zeze letu la nyuzi nane, hazikungoja kina cha kati na cha mwisho ili ziitwe nyimbo. Jamii nyingi za bara ziliimba hivyo kabla hatujasikia habari za ukwapi na utao. Mtahiniwa wa Manga anayeambiwa kwamba ushairi usio na vina ni mgeni aliyeletwa na wasomi, anaambiwa pia kwamba nyanya yake hakuwa na ushairi. Sidhani kama mwalimu yeyote hukusudia kusema hivyo, lakini neno moja likikaa vibaya husema kwa niaba yetu.

Kitutu kabla ya wimbi

Nafika sasa katika jambo lililonifanya niandike. Katika maswali ya fasihi na jamii, watahiniwa wetu huandika sentensi inayofanana kana kwamba wamenakili kwa mwenzao: "Wimbi la mageuzi lilianza mwaka 1990, na waandishi wakaanza kukemea uongozi mbaya." Walimu tunaiwekea alama ya vyema. Tuichunguze.

Kwamba palikuwa na wimbi, hapana shaka. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989. Tarehe 7 Julai 1990 watu wa Nairobi walijitokeza siku ya Saba Saba. Novemba 1991 wafadhili walisitisha misaada, na Desemba mwaka huo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Desemba 1992 tulipiga kura ya vyama vingi. Upepo ulitoka mbali, ukaumua maji, yakapiga. Wimbi ni neno sahihi kabisa kwa miezi hiyo thelathini.

Sasa tutazame hapa nyumbani. Manga imo katika Kitutu Masaba. Mwaka 1974 watu wa Kitutu Mashariki walimchagua George Anyona kuwa mbunge wao. Mwaka 1977, chini ya serikali ya Kenyatta, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa kwa ukali wa maswali yake, akatoka Desemba 1978. Mwaka 1982 yeye na Jaramogi Oginga Odinga walikusudia kuanzisha chama cha pili. Anyona akarudishwa kizuizini, na mwezi Juni mwaka huo huo bunge likakipitisha kifungu cha 2A chenyewe. Julai 1990 alikamatwa tena pamoja na Edward Oyugi, Ngotho wa Kariuki na Njeru Kathangu, na mwaka 1991 wote wanne wakahukumiwa kifungo cha miaka saba kwa kosa la uchochezi. Waliachiliwa mwaka 1992. Anyona akachaguliwa mbunge wa Kitutu Masaba mwaka huo, na mwaka 1997 tena, akiwa ndiye mbunge pekee aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama chake, Kenya Social Congress.

Tukisema mageuzi yalianza 1990, tunafanya nini na 1977? Kifungu kilichofutwa 1991 kiliwekwa 1982 kuwazuia watu waliokuwa tayari njiani. Sheria ya kuziba mto haitungwi pasipo mto. Mtahiniwa wa Kitutu anayeandika kwamba yote yalianza na Saba Saba anafuta kwa kalamu yake mwenyewe historia ya mtu aliyechaguliwa na babu zake, na tunampa alama kwa kufanya hivyo.

Kuna jambo jingine katika habari za Anyona linalofaa somo letu. Katika uchaguzi wa Desemba 2002 nchi ilizungumza juu ya wimbi la NARC, lililomwingiza Mwai Kibaki ikulu. Gusii wimbi hilo halikufika kwa nguvu hiyo. Wengi walimfuata Simeon Nyachae na Ford-People, kwa hiyo tulikuwa na wimbi letu dogo lililoelekea upande wake. Anyona hakurudi bungeni. Alifariki katika ajali ya barabarani Novemba 2003. Wanasiasa wanapotumia neno wimbi mara nyingi husema kweli kuliko wanavyojua: kitu kinachoinua walioko juu yake kwa muda, kikapita.

Fasihi yetu inaonyesha mkondo ule ule. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alisambaza kijikaratasi chenye kichwa Kenya: Twendapi? Akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Tazama swali la kichwa kile. Hakuuliza kuna nini, wala nani amepanda. Aliuliza uelekeo, na anayeuliza uelekeo anauliza habari za mkondo. Tena alitunga kwa vina na mizani, kwa bahari za zamani, jambo linalowafadhaisha wanafunzi waliofundishwa kwamba mapokeo ni ya watawala na uhuru wa umbo ni wa wanamapinduzi. Mawimbi ya umbo na mkondo wa maudhui si lazima vielekee upande mmoja. Rejea nahodha wetu wa Januari.

Mwaka 1981 Alamin Mazrui alitoa Kilio cha Haki, tamthilia ya Lanina na wafanyakazi wa shamba la mlowezi, na mwaka 1982 mwandishi mwenyewe akawekwa kizuizini. Mwaka 1984 Katama Mkangi alitoa Mafuta. Naye alizuiliwa katika msako wa miaka ya themanini, kisha mwaka 1995 akatupa Walenisi. Mwaka 2001 ikaja Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyosomwa na watahiniwa wengi wa muongo ule. Ukizipanga kazi hizi kwa miaka, 1973, 1981, 1984, 1995, 2001, hakuna pengo linalokuruhusu kusema kwamba waandishi walisubiri upepo wa Berlin. Miaka ya tisini iliwapa nafasi ya kuchapisha kwa woga mdogo na wasomaji wengi zaidi. Wimbi liliongeza nguvu ya mkondo, kama kusi ifanyavyo baharini. Halikuuanzisha.

Naweza kupingwa hapa. Mwalimu mwenzangu wa historia aliposoma rasimu ya makala haya aliniambia kwamba ninaunyoosha mkondo kupita kiasi: Abdilatif, Mazrui na Anyona hawakuwa na msimamo mmoja, wala mmoja hakumfuata mwingine. Ni kweli. Lakini mto nao haunyooki. Gucha ina vijito ambavyo havijaonana hadi vinapokutana, na bado tunaiita Gucha. Alichonishinda ni pale aliposema kwamba neno mkondo linaweza kumfanya mwanafunzi aone kila jambo kuwa lilikuwa lazima litokee, kana kwamba watu ni maji tu. Hilo nalikubali. Mwanafunzi akiandika mkondo, mwalimu amtake ataje waliouchimba, kwa majina na miaka.

Katika kusahihisha

Sipendekezi walimu waanze kukata alama kwa kila wimbi. Mazoea ya lugha ni makubwa kuliko kalamu nyekundu, na magazeti yataendelea na mawimbi yao. Ninachofanya mimi siku hizi ni kumuuliza mwanafunzi maswali mawili kando ya jibu lake. Kitu hiki kilikuwepo kabla ya mwaka ulioutaja? Kiliendelea baada yake? Akijibu ndiyo mara mbili, na awe na mfano wa kitabu kwa kila jibu, basi aandike mkondo. Akijibu hapana mara mbili, wimbi limefaa. Jibu likiwa ndiyo na hapana, ana insha nzuri mkononi kuliko ile aliyoniletea.

Katika karatasi ya Lugha, mtahiniwa akiombwa atunge sentensi kuonyesha maana mbili za neno wimbi, asiogope kuleta nafaka. Ndiyo maana aijuayo vizuri, na sentensi yake itakuwa hai. Lakini aangalie upatanisho: wimbi lilipiga chombo, mama alisaga wimbi. Katika Insha, aendeshe vitenzi vyake kwanza, majina yatafuata.

Baada ya haya yote nilirudi darasani na Kifo Kisimani, nikawauliza wanafunzi: Mwelusi, anayeuawa kwa kudai haki ya watu wa Butangi juu ya kisima chao, ni wimbi au ni mkondo? Yule wa ng'ombe alisema ni wimbi, kwa kuwa aliinuka akavunjwa, na mkondo ni wale wanawake na vijana waliobaki. Yule wa uji akasema hapana. Kisima hakina wimbi wala mkondo, maji yake yamesimama, na ndiyo sababu mtu mmoja aliweza kukaa juu yake akakiita chake. Kengele ililia kabla hatujaafikiana, na swali liko ubaoni mpaka kipindi cha Alhamisi.